Mkono Uliovaa Kiatu

Kwa nini niliona haya zaidi kuonekana naumwa mkono kuliko kuupoteza mkono wenyewe? Nimesoma hadi chuo kikuu, nimefundisha miaka mingi, mvi zimeanza kunichungulia kwenye kioo, na swali hilo bado sina jibu lake. Nakuachia ulitafakari nawe, mwanangu, huku nikikusimulia yaliyonipata nikiwa na miaka kumi na minane, enzi ambapo mashamba yaliyouzunguka mji wa Eldoret yalikuwa ya walowezi, na sisi tuliishi humo kwa ruhusa tu.

Nakumbuka asubuhi moja yenye baridi kali, upande wa Kaptagat, ndoo ya maziwa iliponiponyoka. Sikujikwaa. Vidole vya mkono wa kulia vilifunguka vyenyewe, na maziwa yakatambaa sakafuni hadi kwenye viatu vya nyapara.

"Karani," akaniambia, maana aliniita hivyo kwa sababu nilijua kusoma, "hiyo mkono imelala?"

"Imeteleza tu, Mzee."

Wakamaji wenzangu wakacheka. Nami nikacheka, ili wasijue kwamba machozi yalikuwa karibu.

Ukweli ni kwamba kifundo cha mkono, upande ule wa kidole gumba, kilikuwa kimeniwaka moto kwa miezi miwili. Nilifunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto na meno. Nami nilijua vizuri chanzo chake. Mama alinifundisha kukamua tangu utotoni kwa ngumi nzima: vidole vinafunga kimoja baada ya kingine, na gumba linapumzika nje. Lakini ng'ombe wa mlowezi mwenye shamba walikuwa na chuchu fupi, na vijana wa bandani walikuwa wamebuni mbinu ya kulikunja gumba ndani na kuibana chuchu kwa kifundo chake. Maziwa yalitoka upesi. Aliyemaliza ng'ombe wake kumi kwanza alikalia debe lililopinduliwa na kuwatania waliobaki. Mimi nilikalia debe hilo karibu kila siku, na nilijiona mwanamume.

Ilikuwepo pia sheria ya shamba. Kila familia iliyoruhusiwa kujenga na kulima kipande chake pale ilipaswa kutoa mkamaji mmoja. Isiyokuwa na mkamaji ilihama na wanyama wake kabla ya mwezi kwisha. Baba alikuwa amefariki, na wadogo zangu walikuwa bado watoto. Mkono wangu ndio uliokuwa ruhusa yetu ya kukaa. Basi nikaficha, hata kwa mama.

Siku yangu ya mapumziko nilipanda lori la maziwa hadi mjini, nikaenda hospitali. Huko nilimkuta dresa mmoja, yaani msaidizi wa daktari, Mzee Wafula, mtu wa upande wa magharibi ya nchi, mfupi, mwenye sauti ya chini. Wakati wa vita vya dunia alihudumu katika hospitali ya askari, na huko ndiko alikojifunza kurudisha viungo vilivyoharibika kwa mazoezi.

"Kunja gumba ndani ya ngumi, kijana," akaniambia. "Haya. Sasa shusha ngumi pole pole, kama mtu anapiga nyundo."

Niliishusha kidogo tu, nikahisi kama nimechomwa kisu.

"Ni kano," akasema. "Ile kamba inavuta gumba. Inapita ndani ya mfuko mwembamba, na sasa imebanwa. Wewe unaifinya kila asubuhi, halafu unashangaa inalia."

Akanitengenezea banzi la ubao mwembamba na ngozi, likashika gumba pamoja na kifundo. Aliagiza nilivae usiku na mchana, nilivue tu kwa maji ya uvuguvugu na mazoezi. Na kwa wiki sita mkono ule usikamue.

Mwanangu, hapa ndipo nilipokosea, na sitajitetea. Kesho yake niliingia bandani nimelivaa. Nyapara aliniangalia juu hadi chini.

"Karani, mkono gani hiyo inavaa kiatu?"

Banda zima lilicheka. Mmoja akauliza kama na soksi ipo. Nilikamua kwa shida na banzi langu mkononi, na siku iliyofuata nikalificha chini ya majani kwenye ua kabla ya kufika. Nikalikunja gumba vilevile kama zamani, nikabana meno, nikakalia debe langu. Niliuita ule ushujaa. Baada ya siku kumi kifundo kilikuwa kimevimba na nilishindwa kuinua kijiko.

Nilirudi kwa Mzee Wafula. Alilitazama banzi, ambalo ngozi yake ilikuwa bado mpya.

"Nani alitoa hii?"

"Ni mimi, Mzee. Walikuwa wananicheka."

Hakupandisha sauti. "Vitani nilikuwa na askari mmoja alipoteza vidole vitatu. Nilimfundisha kushika kijiko upya. Alimwaga uji kifuani miezi miwili, wodi nzima inaangalia, wanacheka. Hakuacha. Wewe umechekwa na watu tisa na ng'ombe, ukakimbia."

"Nisipokamua tutafukuzwa. Mama yangu atafukuzwa."

"Na mkono ikifa utakamua na nini? Sikio?" Akaanza kunifunga banzi upya, taratibu. "Wewe ulisoma. Hiyo sheria yenu inasema ng'ombe akamuliwe. Inasema ni mkono gani?"

Nilipokuwa ndani ya lori nikirudi, hasira yangu ilianza kubadili mwelekeo. Mpaka siku ile nilikuwa nimeugeuzia ukaidi wangu mwili wangu mwenyewe, nikiulazimisha ukubali kila kitu, ilhali wale waliostahili kukaidiwa nilikuwa nikiwachekea. Jioni hiyo nilimweleza mama yote. Alinisikiliza akiosha kibuyu, kisha akasema, "Ulikuwa unanificha nini? Mimi nilikamua kabla wewe hujazaliwa." Hapo tukakata shauri.

Kabla sijakuambia tulilolifanya, acha nikueleze jinsi mkono ulivyopona, maana huenda wako nao unauma unaposoma haya. Haukupona kwa siku moja, wala haukupona kwa kulala tu. Mwanzoni ilikuwa maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni, kisha gumba likigusa ncha ya kila kidole bila kulazimishwa. Baadaye nilisukuma gumba dhidi ya kiganja cha kushoto pasipo kulisogeza. Wiki za mbele nililaza mkono mezani, kiganja nje ya ukingo, nikashika chupa yenye maji nusu, nikaacha kifundo kishuke polepole na kuipandisha chupa kwa msaada wa mkono mwingine. Mzee Wafula alinipa kipimo kimoja: uchungu ukikaa hadi kesho yake, umezidisha, punguza. Siku nyingine nilipunguza huku nikilaani. Nilipoanza tena kukamua kwa mkono huo nilianza na ng'ombe wawili, kwa ngumi nzima ya mama, gumba nje. Mwezi wa tatu maumivu yalikuwa yamekwisha. Kwa mkono huohuo niliandika mitihani yangu yote ya chuo kikuu.

Nasaha yangu, basi, ni hii. Mwili ukikuambia unaumia, useme mapema na kwa sauti, hata kama riziki ya nyumba imeushikilia, na hasa ikiwa imeushikilia. Mtafute anayeujua ugonjwa wako, na akikupa kazi ya kufanya, ifanye yote, siku za kuchosha zaidi ya siku za matumaini. Usivue kinachokuponya kwa sababu mtu amecheka. Anayecheka hatakuazima mkono wake. Na kama una ukaidi, nami natumaini unao, uutumie kwa yule anayekutaka uvunjike kimyakimya. Mungu akupe mikono yenye afya, akupe na kichwa kigumu mahali panapofaa, na siku utakapochekwa akukute bado umesimama.

Basi, asubuhi iliyofuata jioni ile ya shauri letu tuliingia bandani, mama na mimi. Banzi nililivaa juu ya sweta ili kila mtu alione. Sikusubiri kuulizwa.

"Mzee," nikamwambia nyapara, "mkono huu haukamui kwa wiki sita. Ng'ombe wangu kumi watakamuliwa wote, kwa mkono wangu wa kushoto na kwa mikono ya mama. Kama ipo sheria inayokataa, nionyeshe."

Nyapara alimtazama mama. "Huku si mahali ya akina mama."

"Ng'ombe hajasema hivyo," mama akajibu. Alikuwa tayari ameketi.

Nikavuta kigoda upande wa pili wa ng'ombe huyohuyo, nikashika chuchu kwa mkono wa kushoto. Maziwa yalianza kugonga ndoo, yangu taratibu, ya mama kwa kasi. Tulimaliza wa mwisho, jua likiwa limepanda na wenzetu wameshaondoka. Nyapara alipita, akachungulia ndoo moja baada ya nyingine hadi ya kumi, kisha akaashiria zipakiwe kwenye lori la maziwa.