Niliambiwa Ni Vichekesho

Mwanangu alikuwa anakufa mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa nacheka.

Wazazi wenzangu, someni mpaka mwisho. Shule niliishia ya msingi, lakini hili nimefundishwa sebuleni kwangu.

Binti yangu anasomea filamu chuoni. Tangu aanze, nyumba haina raha. Ukitazama filamu ya mapenzi ukalengwalengwa na machozi, anakukatiza.

"Mama, aina ya filamu ni ahadi. Ukiambiwa ni vichekesho, mtu akianguka unacheka. Ukiambiwa ni ya kutisha, mlango tu ukilia unaruka."

"Kwa hiyo nalia ujinga?"

"Hapana. Ni nadharia."

Nadharia! Na vyombo vimejaa kwenye karai.

Siku hiyo alirekodi kazi ya chuo. Vichekesho. Yeye ni mlafi, kaiba yai la kuchemsha, anasikia mwenye yai anakuja, analibugia zima, linamkwama, anapiga meza. Mimi nishike simu. Jirani yetu, fundi cherehani, akaja kutazama. Mama mkwe wangu, ambaye haoni, alikuwa kitini pembeni akilalamikia kelele.

"Mama, usikate mpaka niseme."

Akalibugia. Macho yakamtoka pima. Akapiga meza, pa! pa!

Fundi akashika mbavu. "Huyu mtoto balaa!"

Nacheka mpaka simu inatikisika. Akanionyesha shingo. Nikazidi kucheka.

Mama mkwe akauliza, "Mbona hapumui?"

"Anaigiza, mama."

"Anaigiza nini? Sisikii pumzi! Mpige mgongoni, wewe!"

Nikatupa simu. Nikampiga katikati ya mabega, nikapiga tena. Yai likaruka mpaka miguuni kwa fundi.

Mnadhani yaliisha? Wapi!

Alipopona, binti akaipeleka ile video chuoni. Aliikata pale bibi yake alipouliza. Akawaambia wenzake ni vichekesho, darasa zima likacheka. Akawaambia ukweli, akairudia. Kimya. Mwalimu wake kamsifu mpaka basi.

Kaja nayo mbio. "Mama, ona! Picha ni ile ile, kilichobadilika ni ahadi tu."

Mimi filamu sikuiona. Nilisikia kicheko changu, nikamwona mtoto wangu ananionyesha shingo.

Nimemwambia aifute. Ati haiwezekani, ni kazi ya mtihani. Nimechoka jamani.

Watoto wenu wakiigiza, wapeni ishara ya hatari ambayo haimo kwenye mchezo. Kupiga meza kwetu kulikuwa mchezoni.

Na chumbani asikosekane mtu mmoja ambaye hatazami filamu.