Waya wa Pili wa Baba Mdogo Mehrab

SKRINI HAZIKUZIMIKA! Hata moja! Na mtoto wa Hurmat sasa hivi analala zake kwenye chumba kilekile!

Ngoja nieleze. Baba yangu mdogo, Mehrab, ni fundi wa mtandao kwenye hospitali moja ya wazazi hapa Shikarpur, Pakistan. Mashine za watoto njiti zinatuma mapigo ya moyo hadi kwenye skrini za manesi, na njiani zinapitia swichi kubwa ya mtandao, kisanduku cha kuunganisha mashine, kile ambacho kadi zake zinaingia na kutoka kama droo. Swichi ina pawa saplai mbili, yaani vifaa vya kuipa umeme, kila kimoja na waya wake. Moja ikifa, nyingine inabeba mzigo wote.

Sasa hapa kwetu nani anauamini umeme wa serikali? Kiangazi unakatika kama unatutania. Kila nyumba feni, taa, chaja, vyote viko laini ya betri. Baba mdogo naye akachomeka pawa saplai zote mbili laini ya betri. Kwa hapa, nani asingefanya hivyo?

Mwaka jana, mchana, betri zikaungua. Umeme wa serikali ulikuwepo, yaani mtaani mashine za barafu zinanguruma! Lakini swichi ikafa, skrini zikawa nyeusi. Kengele za hatari nazo hulia kwenye skrini hizohizo tu, kwa hiyo hazikulia, na nesi Bakhtawar alikuwa anahangaika na mtoto mwingine. Binti njiti wa Hurmat, mama mmoja aliyejifungulia pale, akaacha kupumua, na hakuna aliyejua mpaka akafa.

Baba mdogo akaenda msibani. Akakaa mkekani, wakainua mikono wakasoma Fatiha, kisha akasema mbele ya wanaume wote, "Waya nilichomeka mimi."  Mume wa Hurmat akamsogezea chai, basi.

Tangu hapo pawa saplai moja iko laini ya betri, nyingine laini ya serikali. Na kila Jumamosi anachomoa moja makusudi, aone kama nyingine inabeba, manesi wakiwa wamesimama kila kitanda.

"Fundi Chomoa kaja!" Bakhtawar humtania. "Nyumbani mkeo anapikaje, au na jiko unachomoa?"

"Dada, simama kitandani kwako. Maneno baadaye."

Leo Hurmat kajifungua tena, mvulana, njiti. Kamkumbatia kifuani, kagoma kabisa asiingizwe chumba kile. Daktari kambembeleza wee, wapi. Mimi nilikuwa nimempelekea baba mdogo chakula, nikamwona anamsogelea taratibu, uso umemshuka.

"Dada Hurmat."

"Safari hii umechomeka wapi?"

"Sehemu mbili tofauti. Njoo uone."

"Waya nitajulia wapi mimi? Chomoa."

"Saa hizi?"

"Saa hizi. Na mimi nasimama mbele ya skrini."

Manesi wakasimama vitandani. Baba mdogo akachomoa waya wa betri. Mistari ya kijani ikaendelea kutembea. Akaurudisha, akasubiri taa yake iwake, akachomoa ule wa serikali. Bado inatembea. Hurmat hakupepesa macho.

"Binti yangu sasa hivi angekuwa anasimama dede," akasema.

"Najua, dada."

Akaurudisha waya wa serikali. Kisha Hurmat akamkabidhi Bakhtawar mtoto.

Kama una ndugu anayetunza mashine kama hizi, mwulize waya wa pili kauchomeka wapi. Tafadhali mtumie hii, na umwambie naye aitume mbele.