Niliwasahihishia Askari Hadithi Yangu, Shangazi Akafukuzwa Kibra

Wacha niseme mara moja kabla sijaogopa: mimi ndio nilifanya Shangazi yangu akafukuzwa Kibra. Si jirani mwenye wivu. Si askari peke yao. Mimi, na huu mdomo wangu!

Nisikilizeni kwanza, halafu mnitukane.

Shangazi alinilea tangu mama afariki. Mume wake alikuwa mzee wa Kinubi, alipigana vita vya Wazungu, ndio serikali ikampa ruhusa ya kujenga Kibra. Alipokufa ruhusa ikabaki kwa mjane, lakini na sharti: ukikamatwa na kosa, unatoka. Kila mtu huku anajua hiyo sharti.

Na kila mtu anajua wajane wa Kibra wanaishi na nini. Gini, ile pombe ya kupika serikali imepiga marufuku! Gini ya Shangazi ilikuwa safi, ukiiwashia kiberiti inawaka bluu. Hiyo ndio ilinisomesha sekondari mpaka ikanipeleka koleji. Sioni haya kuisema. Haya yangu iko mahali pengine.

Koleji wenzangu walichagua ukarani, wengine ualimu. Mimi nikachagua kutunga hadithi. Nilipomwambia Shangazi alicheka mpaka akakaa chini.

"Hadithi? Si hadithi unapata hapa jikoni bure? Unaenda kununua kwa Mzungu?"

"Shangazi, wewe hujui mambo ya kisasa."

"Sawa, Bwana Kisasa. Niletee maji kwanza."

Sikuwa na subira ya kumweleza. Nilitaka kuwa mwandishi haraka, kesho asubuhi kama ingewezekana!

Mwalimu wetu alikuwa Mzungu kijana, Kiswahili anakijua kushinda sisi, na anatuita "rafiki zangu". Nilimpenda huyo mtu, wallahi. Hakuna Mzungu mwingine alikuwa ameniuliza mimi nafikiri nini. Nikampelekea hadithi ya sungura, akanirudishia.

"Sungura huyu ni wa kila mtu," akasema. "Niletee kitu unachokijua wewe peke yako. Nataka nione mti. Nione mlango. Ninuse moshi."

Basi nikaandika. Shangazi nikampa jina lingine, nikaona nimemficha. Lakini mengine yote niliacha vile yalivyo! Mlango wa kijani karibu na msikiti. Viatu vya jeshi vya marehemu vimetundikwa ukutani. Na mtungi wa gini umezikwa chini ya mpea, ule mti wa parachichi, juu yake amepanga mawe ya jiko la zamani.

Mwalimu akasoma, akarudia kusoma. Nikajiona niko juu kuliko gavana.

"Bwana, lakini hii isitoke," nikamwambia. "Huyu mama yuko kweli."

Akaniwekea mkono begani. "Haitoki humu darasani, rafiki yangu. Nimekupa neno langu."

Neno lake!

Koleji ikafunga, nikarudi nyumbani. Asubuhi moja tunakunywa chai, askari hao wamefika, na sajenti wao ameshika gazeti. Hakusalimia. Akafungua gazeti akaanza kusoma kwa sauti, kama imamu.

"Mlango wa kijani... ehe. Karibu na msikiti... ehe. Viatu vya marehemu ukutani... He! Si hivyo hapo!"

Askari wakacheka. Shangazi hajui kusoma. Alisimama tu ameshika kanga yake, anasikia nyumba yake inatoka kwenye karatasi.

Mimi nikachungulia. Hadithi yangu, neno kwa neno! Na chini yake jina la mwalimu. Langu halikuwepo. Hata herufi moja!

"Chini ya mpera," sajenti akasoma. "Chimbeni!"

Sasa, mpera ulikuwa mbele ya nyumba, hauna jiwe hata moja, lakini sajenti hakujali. Wakachimba mpaka mashati yakalowa, wakatoa mizizi na minyoo.

"Sajenti, hapana kitu hapa."

Sajenti akalikunja gazeti kwa hasira. "Mzungu mwongo huyu! Amekaa ofisini anatunga tu, Kibra hajui. Takataka ya hadithi!"

Walikuwa wanaenda, jamani! Majembe yako begani. Shangazi ameshaanza kuwatania, "Kunyweni chai basi, wanangu, mmenilimia shamba bure." Ningenyamaza tu. Ningekunywa chai yangu nikanyamaza!

Lakini ile kusikia hadithi yangu inaitwa takataka, na jina la mtu mwingine liko chini yake, kitu kikanipanda kichwani.

"Si mpera!" nikapiga kelele. "Niliandika mpea! Wachapaji ndio wameongeza hiyo R! Na si Mzungu aliandika, ni mimi!"

Sajenti akanitazama polepole, akatabasamu.

"Asante sana, mwandishi."

Akazunguka nyuma ya choo, kwenye mpea, akachimbua mtungi.

Shangazi hakulia. Wakati wanamfunga mikono aliniuliza kwa sauti ndogo, "Ulikuwa unakaa na mimi jikoni, nikidhani unanipenda. Kumbe ulikuwa unahesabu mawe?"

Wakamtoa kwa ule mlango wa kijani.

Alifungwa. Alipotoka, ruhusa imeshachukuliwa na nyumba imeshabomolewa, na viatu vya mumewe hatujui nani alibeba.

Nilimwendea yule mwalimu. Nilitaka aombe msamaha tu. Unajua aliniambia nini?

"Jina langu niliweka kukulinda wewe. Na hadithi nzuri kama ile, ningeifungia kabatini?"

"Ulinipa neno lako, Bwana!"

"Rafiki yangu," akasema, bila hata kuona aibu, "mimi sikuwaonyesha askari mti."

Hilo ndilo linaniuma kushinda yote, kwa sababu ni kweli. Aliniuza, halafu mimi nikamalizia kazi. Nikatoka hapo na koleji nikaacha.

Siku hizi Shangazi amepanga chumba kimoja Kawangware, kwa mzee aliyekuwa akimletea kuni. Nikienda namsikia kutoka nje akipiga stori na majirani, wanacheka sana. Nikiingia tu, kimya. "Haya, basi, Bwana Gazeti amefika," anasema, na wanawake wanaokota vikapu vyao wanaondoka.

Juzi nilimuuliza, "Shangazi, siku hizi unakula nini?"

Akasema, "Andika nashiba."

Basi wewe uliye darasani huko, unasifiwa na mwalimu mpaka kichwa kinavimba, nakuomba. Kabla hujampa yeyote hiyo karatasi, mpelekee kwanza mwenye maisha hayo, umsomee yote, usiruke kitu. Akikwambia choma, choma mbele yake. Hata kama ndio hadithi nzuri kuliko zote utakazoandika. Yangu ilikuwa nzuri, na leo nikienda kwa mtu aliyenilea, hakuna anayetaka kuniambia hata kwamba mvua imenyesha.