Kishikwambi Kilichosikia Sauti ya Pili

Sijatunga. Mimi ni mwalimu wa kwaya, si mganga, na pombe niliiacha hata kabla sijahamia mtaa huu wa Pasiansi. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, tena mchana, ndani ya kanisa. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi tumalizane.

Wiki ile nilikuwa najaribu kishikwambi. Muuza vifaa mmoja wa mjini, muumini mwenzetu, alinipa kwa siku mbili. "Mwalimu, kaa nacho. Kikikufaa utanilipa, kisipokufaa rudisha." Wanakwaya walishanichosha: nunua, urekodi mazoezi, uachane na madaftari yaliyotafunwa na mende. Mimi mkono wangu ni wa birika, sikatai. Simu ninayo, kalamu ninayo, kishikwambi cha nini? Moyoni nilishaamua kesho yake kinarudi.

Ila kulikuwa na jambo lililoninyima usingizi. Jumamosi Kabula, binti wa kwaya yetu, alikuwa anaolewa, na aliomba kitu kimoja tu: wimbo aliotunga marehemu mama yake uimbwe kwa sauti zote nne. Mama huyo alifariki Kabula akiwa na miezi mitatu, mimi sijafika kanisa hili. Sasa sikia ujinga wetu wanakwaya. Sauti ya kwanza ipo kwenye daftari, ya tatu ipo, ya nne ipo. Ya pili aliimba mwenyewe na kuwafundisha wenzake kwa mdomo. Nani ahangaike kuiandika wakati mwenyewe yupo? Alipozikwa, ikazikwa naye. Waliojifunza kwake wamehama, waliobaki wamesahau. Nilijaribu kutunga ya kwangu, ikawa kama kiraka cha gunia kwenye suti.

Basi, siku hiyo mvua inanyesha, niko peke yangu kwenye kinanda, kishikwambi nimekiweka juu yake. Akaingia dada wa miaka ishirini na kitu, kitenge cha buluu, amelowa chapachapa. Nikadhani ni mwanakwaya mpya.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mazoezi saa kumi na moja, mbona umewahi?"

Yeye alikuwa anakitazama kishikwambi. "Hicho kinasikia?"

"Kinasikia sana. Bei yake tu ndiyo haisikii maombi."

Akacheka. "Basi kiwashe, uanze ule wimbo wa Kabula. Taratibu lakini, mwalimu. Huwa unaukimbiza."

Nikawasha, nikapiga. Jamani! Nimefundisha kwaya miaka mingi, sijawahi kusikia sauti ya pili kama ile. Nzito, tulivu, inapita chini ya ile ya kwanza na kuibeba, wala haishindani nayo. Ubeti wa tatu, pale nilipokuwa nimekwama siku zote, yeye alishuka noti moja tu, moja! Wimbo mzima ukasimama. Nililia, mtu mzima na mvi zangu.

Nikainama kuzima kurekodi. Kuinua kichwa, hayupo. Nikachukua mwavuli, nikatoka mbio nimpe. Mlangoni, na mlango wetu ni mmoja tu, alikuwa amekaa Mzee Doto, mlinzi, anajikinga mvua.

"Yule dada kaelekea wapi?"

"Dada gani? Tangu mvua ianze niko hapa, hajaingia mtu. Nilikuwa nakusikia tu unapiga kinanda peke yako."

Nikarudi ndani mbio, nikabonyeza. Sauti yake ilikuwemo, yote.

Jioni Kabula alikuja mazoezini na bibi yake wa Mkolani, aliyemlea. Nikaweka ile rekodi bila kueleza kitu. Bibi alisikiliza mstari mmoja, akashika benchi.

"Huyu ni mwanangu," akasema. "Nani kawapa sauti ya mwanangu?"

Kabula yeye alikaa sakafuni, akalaza sikio juu ya kishikwambi. "Kumbe mama ana sauti kama yangu," akasema. Akaomba turudie. Tukarudia, na tena, na hakuna aliyethubutu kusema inatosha.

Jumamosi tuliimba sauti zote nne. Muuzaji nilimlipa bila kuomba apunguze hata kidogo, mke wangu mpaka leo haamini.

Tumejaribu kuinakili ile rekodi kwenye simu ya Kabula. Kwenye simu inasikika mvua na kinanda changu, basi. Yeye yumo kwenye kishikwambi tu. Kwa hiyo sikiazimi, sikiuzi, na kila chaji inapowahi kuisha roho yangu inaruka. Kabula ana mtoto sasa, na Jumapili baada ya ibada huja naye, wanaisikiliza ile rekodi, mtoto anakaa na bibi yake aliyemo humo dakika tano. Sijawahi kuona kifaa chenye heshima kama hicho.

Sasa wewe unayenisikiliza, kama kuna kitu unakijua peke yako, wimbo, dawa, namna ya kusuka kitu, usijidai utakuwepo siku zote. Kiandike, kiseme mahali, wanao wakikute. Huyu dada aliruhusiwa kurudi kumalizia kazi yake. Wewe nani kakuahidi?