Namba Kumi na Moja Hayupo

Sheria za kozi ile tulisomewa siku ya kwanza, tukiwa tumesimama. Mwalimu hakutuuliza habari za safari. Alikuwa mtu mfupi kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Bukoba, mwenye kaptula ya kaki iliyonyooshwa pasi kama anakwenda kupokea mgeni. Alifungua daftari kubwa lenye jalada jeusi na kusoma bila kututazama.

"Kila mmoja ana namba na tuta lake. Alama ni mia. Hamsini ni miche: siku ya mwisho nitahesabu iliyo hai na yenye afya. Thelathini ni mahudhurio. Ishirini ni maswali, nitawauliza kwa mdomo. Ukifika namba yako imekwisha kuitwa, umechelewa. Kuchelewa mara mbili ni sawa na kukosa siku moja. Atakayekosa siku nne simpi mtihani, hata miche yake iwe mizuri namna gani."

Mmoja wetu akauliza, "Na mtu akiugua, Mwalimu?"

"Alete karatasi ya zahanati."

"Na msiba?"

"Wa baba, mama, mke au mtoto. Siku tatu. Lakini miche haisomi barua za ruhusa, kwa hiyo ujue nani atakumwagilia."

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, kwenye vilima vya Itiryo, ambako serikali ilikuwa na kitalu cha mibuni. Tulikuwa watu kumi na wanane. Tuliletwa tujifunze kulea miche chini ya banda refu la matete, kwa miezi minane, kisha tupewe vyeti. Mimi nilikuwa namba kumi na moja. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimesoma darasa la sita, na ninatoka mbali kuliko wote, kwenye nyumba za karibu na mto Manchira, upande wa Serengeti.

Ni lazima niseme ukweli kuhusu mimi mwenyewe. Sikuwa mtu wa kukaa. Nilikuwa nikipiga magoti kwenye tuta langu asubuhi, nang'oa magugu madogo kama nywele, na miguu inaniwasha. Chini ya banda lile kulikuwa na kimya na unyevu, na mwanga uliopenya kwenye matete ulikatika vipande vipande juu ya mikono yangu, na kila nilipoinua kichwa nilikuta jua limesogea kidogo tu. Nje niliona barabara ya kwenda mpakani. Watu walipita na ng'ombe, na baiskeli, na mizigo kichwani, nami nikawaonea wivu wote ingawa sikujua wanakwenda wapi.

Kwa hiyo kabla mwezi wa tatu haujaisha nilikuwa nimekwisha kukosa siku mbili. Siku ya kwanza nilivuka mpaka kwenda sokoni upande wa Kenya, sikununua kitu, nikarudi jioni. Siku ya pili nilitembea tu. Mwalimu hakunigombeza. Alinionyesha daftari. Mbele ya namba yangu palikuwa na misalaba miwili ya wino mwekundu.

"Umebakiwa na siku moja ya kuchezea," alisema. "Ya nne inakutoa."

Tuta la kumi na mbili, lililopakana na langu, lilikuwa la mwanamke. Alikuwa peke yake kati ya wanaume kumi na saba. Mumewe alikuwa amefariki, akamwachia shamba huko Kerende na watoto wawili, na ndugu za mume walikuwa wameanza kulipima shamba lile kwa macho. Alikwenda mwenyewe bomani kuomba nafasi. Walimcheka, wakamwambia kahawa haiwezi kushika Kerende, chini kule kuna joto. Akarudi mara ya pili, na ya tatu, mpaka wakamwandika. Watoto alikuwa amewaacha kwa mama yake. Hakuwa amekosa hata siku moja. Akiitwa "Kumi na mbili!" alijibu "Nipo!" kwa sauti ya mtu anayetaka isikike mpaka bomani.

Mimi nilimwita dada. Yeye aliniita mdogo wangu, ingawa hakunipita miaka mingi.

"Wewe una nini?" aliniuliza siku moja, mwezi wa nane ulipoanza. "Unapalilia kama unafukuzwa."

"Sijui, dada. Nasikia kama kuna mahali naitwa."

Wiki ile ile nikaitwa kweli. Mchuuzi wa chumvi aliyetoka upande wa kwetu alisimama nje ya uzio wa kitalu akaniulizia. Alisema, "Baba yako anasema uje." Nikamwuliza kuna nini, anaumwa? Akasema alimwona amesimama, akamwambia neno hilo tu, kisha mchuuzi akaondoka zake.

Nilijua baba hakuwa mtu wa kuita ovyo. Nilipokuwa nasoma shule ya misheni hakuwahi kuniita hata mara moja, hata mwaka ule ng'ombe walipokufa. Nilikwenda kwa Mwalimu.

"Anaumwa?" aliniuliza.

"Sijui."

"Amefariki?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi huo si ugonjwa wala si msiba. Siwezi kukuandikia ruhusa." Alifunga daftari, kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Kwenu ni siku ngapi?"

"Mbili na nusu kwa miguu."

Alipiga hesabu kichwani, nami nilikuwa nimekwisha kuipiga. Kwenda na kurudi peke yake kulinimaliza.

Siku mbili nilibaki. Sikula vizuri. Nilimwagilia mche mmoja mara tatu na mwingine nikausahau. Kiangazi kilikuwa kimeingia na kijito tulichotegemea kilikuwa kimebaki uzi wa maji, hata Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba kila aliyeitikia namba yake atapata madebe mawili kwa siku, basi. Asiyekuwapo hana maji. Siku ya tatu asubuhi niliitikia "Nipo!", nikamwagilia tuta langu, kisha nikaenda kwa jirani yangu.

"Dada, nakwenda nyumbani."

"Watakutoa."

"Najua."

"Na miche?"

Nikaitazama. Miche yangu ilikuwa na majani manne, mabichi, yenye kung'aa. Alishusha pumzi. "Ukipita Kerende, ingia kwa mama yangu. Uwaone watoto wangu kwa macho yako. Usiniletee salamu za mdomo tu, uniambie wamevaa nini na wanakula nini."

Nikaondoka. Na hapa nieleze jambo ambalo mpaka leo linanishangaza: nilipofika barabarani, barabara ile ile niliyoitamani kwa miezi, sikusikia raha hata kidogo. Nilitembea haraka huku nikijiuliza saa hii wanamwaga maji, saa hii wanapunguza kivuli. Kerende niliwaona watoto, msichana mkubwa akimpepetea mdogo wake makapi ya mtama kichwani kwa utani, wote wawili wamenona. Nilivuka mto Mara kwa mtumbwi. Siku ya tatu mchana nikafika nyumbani.

Baba alikuwa anatengeneza uzio wa zizi. Hakuwa mgonjwa. Aliniona, akaendelea kufunga miba mpaka akamaliza kipande kile.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Umechelewa."

Neno hilo karibu linichekeshe. Akaingia ndani, akatoka na karatasi iliyokunjwa mara nyingi, imechakaa kwenye mikunjo. "Karani wa mtemi amenisomea," alisema. "Simwamini. Nisomee wewe."

Ilikuwa karatasi ya bomani, ya Kiswahili kigumu. Ilisema malisho yetu ya ng'ambo ya mto, alikochungia babu yangu, sasa yamo ndani ya ardhi iliyotengwa kwa wanyama wa porini, na mifugo iondolewe kabla ya mvua. Nilisoma polepole. Baba alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Hapo panaposema iondolewe. Hakuna neno jingine hapo? Wanasema iondolewe tu, au wanasema ikitaka?"

"Iondolewe tu, tata."

"Tena."

Mara ya tatu nilipomaliza alichukua karatasi akaikunja kama ilivyokuwa. "Basi karani hakunidanganya," alisema, na nilitambua kwamba alitumaini sana karani yule awe mwongo. Ndiyo maana aliniita. Alitaka mtoto wake amsomee maneno mengine kwenye karatasi ile ile.

Sikuweza kurudi siku ile, wala ya pili. Nilikwenda naye tukawatoa ng'ombe ng'ambo, tukatafuta majani yaliyobaki upande wetu, hayakuwa mengi. Baba alitangulia njia nzima. Siku ya kuagana aliniuliza, "Kule kwenu mnafanya nini?"

"Tunalea miche ya kahawa."

"Inakula nini?"

"Maji tu, na kivuli."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari njema ya watu wengine.

Nilirudi kitaluni baada ya siku kumi. Nilifika asubuhi, watu wamepanga mstari, na nikasikia kwa masikio yangu: "Kumi na moja!" "Kumi na moja hayupo." Nilikuwa nimesimama kwenye lango. Sikuitikia. Nikangoja mstari uvunjike, nikaingia chini ya banda kutazama maiti za miche yangu.

Ilikuwa hai. Yote, au karibu yote. Ilikuwa imeongeza jani. Nikageuka kutazama tuta la kumi na mbili, nikaona majani yamejikunja kingo, ya kahawia, na sehemu ya kati ilikuwa tupu kabisa, udongo umepasuka.

Alikuja na debe lake lenye matundu. "Watoto?" ndilo neno lake la kwanza.

"Wazima. Wamenona. Mkubwa amevaa gauni la buluu lenye kiraka begani." Kisha nikasema, "Dada, umefanya nini?"

"Nilikuwa na madebe mawili," alisema. "Moja huku, moja kule."

Wiki ya kuhesabu ilikuwa imefika. Mwalimu alipita tuta kwa tuta na daftari lake, akigusa kila mche kwa ncha ya kalamu. Alipofika la kumi na moja alihesabu, hakuandika, akasema, "Hili halina mtu." Alipofika la kumi na mbili alihesabu mara mbili. Nikaona uso wake. Miche iliyo hai haikufika nusu.

Nilitoka nilipokuwa nimesimama. "Mwalimu, miche ya kumi na moja ni kazi yake. Mimi sikuwapo."

"Najua hukuwapo. Nimeandika."

"Aligawa maji yake."

"Hilo nalo najua, nina macho. Sheria ilisema madebe mawili ya tuta moja." Akamgeukia yeye. "Kwa nini ulifanya hivyo? Ulijua unapoteza alama."

Yule mwanamke hakuinamisha kichwa. "Mwalimu, siku ya kwanza ulisema utahesabu miche iliyo hai. Hukusema utahesabu matuta. Maji yangu yameweka hai miche ya hapa na ya pale. Ihesabu yote. Na siku zangu zitazame, kama kuna msalaba hata mmoja."

Hakuna aliyewahi kusema naye hivyo. Wenzetu walisimama na majembe mikononi. Mwalimu alifungua daftari, akafuata mstari wa kumi na mbili kwa kidole kuanzia mwezi wa kwanza mpaka mwisho. Alichukua muda mrefu. Kisha akainama, akahesabu tuta langu upya, kwa sauti, akajumlisha, akaandika. Yule mwanamke akawa wa tatu katika darasa zima.

Mbele ya namba yangu alipiga mstari mmoja mrefu mwekundu, kwa rula. Alinipa mkono. "Ulikuwa na mikono mizuri," alisema. "Miguu ndiyo iliyokushinda." Nilitaka kumwambia habari za karatasi ya baba, nikaona hapana, kwani zile siku mbili za mwanzo hakuna aliyekuwa ameniita.

Sikuwahi kupata cheti. Nilifanya kazi mashamba ya chai upande wa Kenya, nikachoka, nikarudi, nikawa karani wa mnada wa ng'ombe, kazi ya kuhama kila siku soko hili na lile, ambayo ilinifaa. Ng'ombe wa baba walipungua mpaka wakabaki wa maziwa tu.

Miaka mitatu baadaye nilipita Kerende kwa ajili ya mnada. Nilimkuta yule dada shambani kwake. Mibuni ilikuwa imeshika, si yote, ile ya bondeni chini ya kivuli cha migomba. Ndugu za mume walikuwa wameacha kulipima shamba. Alinipa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, tukakaa. Nikamwuliza swali nililokuwa nalo tangu siku ile, kwa nini alinifanyia wema mkubwa namna ile.

Akacheka. "Wewe? Mdogo wangu, mimi nilijua hurudi. Nilisema huyu amekwenda moja kwa moja." Akafuta mdomo kwa kiganja. "Nilishindwa tu kumwaga maji huku, na miche yako imesimama pale karibu na goti langu, inanyauka."

Kisha akaniuliza bei ya mitamba mnadani, nikamwambia, akasema ni ghali, akarudi kwenye mibuni yake.