Sauti ya Kukosea

Kilichoninyima usingizi ni sauti moja tu: ile inayotoka kwenye kompyuta mtoto anapokosea.

Mchezo niliutengeneza mwenyewe, baada ya kumaliza chuo na kurudi Masasi kukaa kwa dada. Maswali mepesi ya picha, kwa watoto wa darasa la awali. Mwalimu mmoja wa Chilangala, huko Newala, alikubali niupeleke darasani kwake Jumatatu. Ijumaa nikamjaribisha mtoto wa dada. Nani hutaga mayai: mbuzi, popo au kenge? Akabonyeza popo, kwa sababu popo anaruka.

Kompyuta ikalia kwa ukali, alama nyekundu ikajaa kwenye kioo. Mtoto akavuta mkono, akaukalia.

"Mjomba, imenigombeza."

"Haijakugombeza. Jaribu tena."

"Jaribu wewe."

Nikapunguza sauti. Nikaona bado inagomba, ila kwa kunong'ona. Nikaweka kikatuni kinacholia, halafu nikawaza: sasa mtoto atadhani amemliza mtu. Nikaondoa vyote. Je, atajuaje amekosea? Nikamwandikia mwalimu: shikamoo mwalimu, samahani, kompyuta imeharibika. Sikuutuma ujumbe ule, lakini sikuufuta. Nilikuwa naufungua, nabadilisha neno moja, naufunga.

Jumamosi jioni dada alikuwa uani akichambua mbaazi, mwanawe kando yake.

"Kitendawili!" dada akasema.

"Tega!"

"Analishwa juu, anatapika chini."

"Mlevi!"

"Mlevi nani anamlisha? Nipe mji."

"Chukua Mnyambe."

"Mnyambe nina shughuli gani? Ongeza."

"Haya, chukua Newala yote!"

"Nimekwenda Newala, nikapikiwa wali kwa kuku, wewe sikukubakizia hata shingo. Wakaniuliza, yule binti wa Masasi hajui mashine ya kusaga?"

Mtoto alicheka mpaka akamwaga mbaazi. Amekosea, amepoteza mji mzima, na anadai kutegewa kingine.

Nikabaki nimesimama mlangoni. Je, mwalimu ataona nimesoma miaka yote ile ili kompyuta itege vitendawili? Na watoto wakianza kukosea makusudi?

Jumapili nilimwomba dada aseme "Nipe mji" kwenye simu yangu.

"Kwa hiyo mimi ndiye msomi wako siku hizi?" akasema, lakini akarekodi, safari na wali na majibu yote. Nikaweka vitufe vya miji. Nikamwita mtoto. Akaitazama kompyuta kwa mbali, akasogea, akabonyeza popo. Mama yake akamdai mji kutoka ndani ya kompyuta. Akampa Masasi, akasikiliza mpaka mwisho: ni kenge. Halafu akabonyeza kenge mwenyewe, bila kuambiwa.

Nikalifuta kabisa faili la ile sauti ya ukali. Nikaufuta na ujumbe wa mwalimu, kabla sijaanza kuufikiria upya. Jumatatu asubuhi nilipanda basi la Newala, kompyuta mapajani, na sikushuka njiani.