Kabla ya Kubandika Bahasha

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo hadi leo nikiikumbuka naona haya, na papo hapo kichwa kinanivimba kwa majivuno. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, karani wa taipureta katika kliniki ya daktari mmoja hapa Isiolo, miaka ya themanini ikianza. Daktari alisema maelezo ya wagonjwa kwenye kaseti. Mimi navaa vidude vya masikioni, nakanyaga pedali ya kuendesha kaseti, napiga chapa barua za kuwapeleka hospitali kubwa kule Meru. Nilikuwa mwepesi, usinione hivi. Watu walisimama dirishani kusikiliza mashine yangu tu.

Siri yangu nilidhani ni akili. Karibu kila barua ilimalizika kwa maneno yale yale, kwamba mgonjwa hana dawa inayomdhuru. Basi nikawa nayapiga kabla kaseti haijafika hapo, nachomoa karatasi, narukia nyingine.

Mkubwa wangu, Bi Saadia, alikuwa na desturi iliyonikera. Hakubandika bahasha bila kumsomea mgonjwa barua yake, kwa Kiborana, kwa Kisomali, au kwa Kiswahili cha kuombea maji. Niliona anapoteza wakati. Siku hiyo aliitwa na daktari, akaniachia barua ya Akko Dahabo, yaani Nyanya Dahabo kwa Kiborana, bibi wa kijiji cha Kinna aliyekuwa na kidonda kibaya mguuni. "Msomee kwanza," akaniambia. Sikumsomea. Nilipiga, nikabandika, nikampa dereva wa gari la kumpeleka Meru.

Bi Saadia aliporudi aliuliza swali moja tu: "Amesema nini ulipomsomea?"

Nikamwambia bahasha iko kwa dereva. Akanishika mkono, tukatoka mbio. Gari lilikuwa limeshawashwa. Akafungua bahasha, akamsomea Akko pale pale kwenye kiti cha gari, na alipofika mwisho bibi akajipiga paja.

"Hapana! Hiyo si mimi. Ile sindano ya maziwa karibu iniue huko Kinna. Uso ilifura, pumzi ikakwisha. Mimi nilimwambia daktari!"

Sindano ya maziwa ni penisilini, mwanangu, na kwa kidonda kama kile ndiyo wangemdunga hata kabla ya kumtandikia kitanda. Kwenye kaseti daktari alikuwa ameitaja wazi. Ni mimi sikungoja. Nikalia mbele ya dereva.

"Utalia baadaye," Bi Saadia akasema. "Si unajua kupiga haraka? Basi leo ndiyo siku yake. Sikiliza mpaka mwisho, halafu piga."

Nilisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikapiga ukurasa mzima na nakala mbili za kaboni, bila kufuta herufi hata moja, gari likingoja. Nikaipeleka mwenyewe, nikamsomea Akko kwa Kiborana changu cha sokoni. Alicheka matamshi yangu, akaikubali barua.

Tangu hapo nilisikia sentensi nzima ndipo niguse mashine. Nikaweka daftari la majina ya dawa na ya vijiji, nisikwame kila siku mahali pale pale. Na unajua? Nikawa mwepesi kuliko zamani, kwa sababu barua zangu hazikurudishwa tena kurekebishwa.

Mwezi uliofuata Akko aliteremka kutoka gari la Meru, anatembea mwenyewe, barua ya majibu ya hospitali mkononi. Daktari akanyoosha mkono aipokee. Bibi akamkwepa.

"Ngoja. Msichana ya mashine anisomee kwanza."

Sijapata kupewa cheo kikubwa kuliko kile.

Wewe sasa unawaandikia madaktari kwa kompyuta, na wanakuhimiza. Kimbia, sikukatazi, mimi mwenyewe napenda mtu mwepesi. Lakini sikio litangulie vidole. Usichokisikia vizuri, acha nafasi, uulize. Maneno uliyoyazoea ndiyo uyachunge zaidi, na kila jina unaloliandika ujue lina mwenyewe, amelala mahali anangoja kutibiwa kwa neno lako. Mwenyezi Mungu akupe mikono myepesi na moyo uliotulia, na kila mgonjwa atakayepita kwako arudi kwao mzima. Amin.